Geza Ulole: Shajara ya Farasi Mstaafu

Septemba, wiki ya kwanza

Mradi umeanza rasmi leo, maana yake nimenunua daftari. Mama watoto amesema kama nimeamua kukaa na huyu mnyama bila kuamua, basi walau niwe naandika, ili akiniuliza tumefikia wapi nisimjibu kwa kujikuna kichwa. Tumepeana miezi sita. Swali ni moja: Tarishi tumfanyeje?

Tarishi ni farasi dume aliyehasiwa, kahawia iliyokoza, kimo sentimita 163 hadi begani, uzito kama kilo 450 kwa makadirio ya utepe. Meno na makaratasi yake yanakubaliana kuwa ana miaka 22. Alizaliwa Kenya, akakimbia mbio Ngong akiwa kijana, kisha akaletwa Dar kufundishia watu kupanda. Huko ndiko tulikojuana, mimi nikiwa saisi, yaani mtunza farasi. Pale mahali palipofungwa, farasi wengine wote walipata wenyewe ndani ya wiki mbili. Huyu hakuna aliyemgusa. Anauma. Anatupa teke bila hata kulaza masikio kwanza. Ukimwinua ukwato anakuegemea na uzito wake wote mpaka kiuno kikulilie. Na juu ya hayo anachechemea. Nilimpata kwa bei ya kamba iliyomfunga, nikamvusha Daraja la Nyerere usiku kwenye Fuso kukwepa joto na foleni, nikamshusha hapa Gezaulole kwenye ekari moja na nusu niliyoachiwa na baba.

Gezaulole ni Kizaramo: jaribu uone. Kwa mradi huu nisingepata jina jingine.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu bandarini, alikuja kumtazama. Akauliza farasi anafanya kazi gani. Nikamwambia hafanyi, amestaafu. Akatikisa kichwa: "Basi mpeleke akafanyiwe uhakiki. Na umwambie mapema habari za kikokotoo cha pensheni, asije akapigia mahesabu fedha ambazo hatazipata."

Septemba, wiki ya tatu

Dokta wa mifugo amekuja. Kwanza alitaka kumwona kwenye lami, kwa sababu mchanga wetu unaficha mengi. Tukamtoa hadi barabarani, kijana wa banda akamkokota mchakamchaka kwenda na kurudi, bodaboda zikisimama kuangalia sinema ya bure.

Miaka yote nikiwa saisi sikuwahi kufundishwa hili: usiangalie mguu, angalia kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, farasi anarusha kichwa juu ili auondolee uzito. Ukigusa ule mzima, kichwa kinashuka. Tarishi alikuwa anainua kichwa kila alipokanyaga kulia. Kwa kipimo cha kuchechemea, kutoka 0 (mzima) hadi 5, dokta alimpa 3.

Kisha akachoma sindano ya ganzi juu ya kisigino cha kulia, pande zote mbili, kwenye mishipa ya fahamu inayoshuka nyuma ya ukwato. (Kuchoma hiyo sindano kulituchukua dakika 40, na shati langu moja.) Tukasubiri. Tukamkimbiza tena. Mguu wa kulia ukawa kama wa farasi wa miaka sita, na hapo hapo akaanza kuchechemea wa kushoto.

Dokta hakushangaa. Kumbe miguu yote miwili inauma, ila wa kulia ulikuwa unapiga kelele kubwa zaidi, wa kushoto hausikiki. Picha za eksirei zimethibitisha. Ndani ya ukwato, nyuma kabisa, kuna kifupa kidogo ambacho madaktari walikipa jina la Kilatini lenye maana ya chombo kidogo cha majini, kwa umbo lake. Mimi nimekiita kidau. Kano kubwa inayokunja mguu inapita chini yake kama kamba kwenye kapi. Vidau vyote viwili vya Tarishi vimeliwa kingo na vina matundu. Miguu ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi, kwa hiyo kila hatua ni kisigino juu ya jipu.

"Huyu haponi," dokta alisema. "Kinachowezekana ni kumpunguzia. Kumpanda ndiyo imekwisha, hata mtoto."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema kwa picha zile, ni miaka.

Oktoba

Fundi wa kwato amekuja. Hapa Dar mabanda ya farasi yanahesabika, na fundi huyu anayazunguka yote, kwa hiyo Tarishi anamjua vizuri mno. Amemkata ncha za mbele zilizokuwa zimerefuka kama kiatu cha Aladini. Ncha ikirefuka na kisigino kikalala, ile kano inavutwa na kukikaba kidau zaidi. Lakini hakuna kukata kwa pupa: ukwato unakua chini ya sentimita moja kwa mwezi, na unarekebishwa kwa mwendo huo huo. Atakuja kila wiki sita na tupa yake. Nimepiga hesabu nikaona kwato mpya kabisa zingehitaji karibu mwaka mzima. Mradi wangu ni wa miezi sita. Sawa.

Amekuja pia mtu wa sherehe. Anataka farasi wa kumwingiza bwana harusi ukumbini, na wa kupigia picha ufukweni siku za Jumapili. Nikamwambia mnyama ni kilema. "Si hatua 50 tu, kaka? Kuna zulia!" Akataja kiasi kilichonifanya ninyamaze kwanza, maana ada za muhula zilikuwa mezani. Nilimpigia dokta nikiwa natafuta ruhusa zaidi ya ushauri. Akanikumbusha kuwa nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kwamba bwana harusi wa kilo 90 akitupwa chini mbele ya wakwe, sheria itakuwa tatizo langu dogo. Nikamjibu yule mtu hapana. Ameniachia namba.

Novemba

Mvua za vuli. Kwato zimeanza kunuka, ule uozo mweusi kwenye mifereji ya katikati. Kusafisha kila siku, kukausha, kupaka dawa. Maana yake kumwinua miguu minne kila siku mnyama asiyetaka kuinuliwa hata mmoja. Kijana wa banda ana alama ya meno mkononi kama muhuri wa serikali. Mengine ya mwezi huu ni tope, siyaandiki.

Ila nimegundua njia moja nzuri. Farasi anaweza kusinzia amesimama, lakini usingizi mzito anaupata akilala chini, hata kwa muda mfupi tu. Mwenye maumivu ya miguu haendi chini, kwa sababu anajua habari ya kuinuka. Basi jioni nachana mchanga wa banda kwa reki uwe laini kama shuka, alfajiri nausoma. Nikikuta shimo la ubavu na mikwaruzo ya kwato, amelala. Nikikuta nyayo tupu, amekesha. Kalenda ya ukutani naweka O akilala, X akikesha. Novemba: O tisa.

Desemba

Hii ndiyo sehemu ambayo sikuitaka kuiandika.

Dokta alipendekeza jaribio: wiki mbili za fenilibutazoni, ile ambayo mabandani tunaiita biuti. Gramu 2 kwa siku kwa siku chache za kwanza, kisha gramu 1. Ni chungu, tunaificha kwenye pumba na molasi. Dawa hii si ya kuchezea, ikitumika muda mrefu inatoboa tumbo na kuchosha figo. Lengo halikuwa kutibu. Alitaka tuone farasi huyu ni nani maumivu yakipungua.

Siku ya tatu hakuna cha maana. Siku ya nne, O. Ya tano, O. Siku ya sita niliingia bandani na ndoo ya maji nikiwa nimejipinda upande kama ninavyoingia siku zote, bega mbele, ili akiuma apate koti. Hakuuma. Alinusa koti, akanywa maji.

Siku ya nane nilipiga magoti pembeni ya mguu wa kulia, nikamgusa nyuma ya goti. Akauinua mwenyewe. Akauacha mkononi mwangu, mwepesi, hakuniegemea. Nikasafisha ukwato wote, nikaushusha, nikaenda wa kushoto. Vile vile. Kijana alikuwa mlangoni na fimbo mkononi, tahadhari ya kawaida, akaiweka chini polepole bila mtu kumwambia.

Kumbe kila tulipomwinua mguu mmoja tulikuwa tunamwambia asimame kwa kisigino kibovu cha upande wa pili. Kule kuegemea hakukuwa uvivu wala ufedhuli. Alikuwa anatafuta pa kuweka uzito.

Mimi nimemfahamu farasi huyu miaka tisa. Kuna mwaka alimtupa mwanafunzi kwenye kona, mtoto wa watu, hakuumia ila tulitishika. Jioni nilimchapa. Nikambadilishia na lijamu kali zaidi, nikajisifu kwa wenzangu kuwa amenyooka. Kona, farasi mwenye miguu ya namna hii ndipo anapoumia zaidi, kwa sababu mguu wa ndani unabeba. Hilo nililijua mwezi huu.

Nimemsomea mama watoto ukurasa huu. Hakusema kitu. Asubuhi nilimkuta bandani anampa Tarishi maganda ya miwa, yeye ambaye miaka yote hii alikuwa anapita mbali kama banda lina chui.

Januari

Dawa imesimamishwa kama ilivyopangwa. Siku ya nne bila dawa, X. Siku ya sita, amenikamata begani. Sikumgombeza.

Kisha likaja lingine. Jumatano alfajiri kijana alinigongea dirisha: "Mzee, Tarishi anajitazama tumbo." Nilimkuta anachimba kwa mguu wa mbele, anageuza shingo kuangalia ubavu, jasho linamchuruzika na jua halijatoka. Mapigo ya moyo 60 kwa dakika. Farasi aliyepumzika huwa kati ya 28 na 44. Ufizi umekauka. Farasi hatapiki, hana uwezo huo. Kikiingia kimeingia, kinachobaki ni kuombea kipite.

Dokta alifika saa mbili kasoro, akampitisha mpira puani hadi tumboni, akamimina maji na mafuta ya kulainisha. Akaniambia niokote vifundo sita vya mavi, nivikoroge kwenye ndoo ya maji, nisubiri. Mavi yakaelea na kuyeyuka. Chini ya ndoo palibaki mchanga mweupe wa Gezaulole, vijiko kadhaa vya chai. Tulikuwa tunamtupia nyasi chini, yeye anaokota nyasi na ufukwe pamoja, miezi yote hii.

Tulizunguka naye taratibu, tukimpumzisha na kumwanza tena, hadi saa sita mchana. Saa saba akajamba. Sijawahi kusikia shangwe bandani kama ile. Mzee wa bandari, aliyekuwa ameleta kiti chake kukaa nasi, alisema hata meli ya makontena haikuwahi kumfurahisha hivyo ilipopiga honi.

Sasa niko kwenye fumbo. Mchanga laini ndio unaomfaa miguuni. Kwenye ardhi ngumu ni kilema wa kipimo cha 3, hapa anatembea. Mchanga huo huo unaingia tumboni. Na dawa inayompa usingizi ndiyo inayolichokoza hilo hilo tumbo.

Tumekata pipa la plastiki katikati kuwa hori, chini tumetandika mpira wa lori uliopasuliwa. Kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, zikigawanywa mara nne, asikae na njaa akaanza kulamba ardhi. Dawa: gramu 1 siku moja, siku ya pili hapana. Ndoo ya mavi kila Jumapili.

Februari

Joto halisemeki. Anakunywa zaidi ya lita 40 kwa siku. Bado anatoka jasho, na hilo nalikagua kila siku chini ya singa za shingo, maana wapo farasi ambao joto na unyevu wa pwani huwafunga jasho kabisa.

Kuna shamba Kilimanjaro Magharibi ambalo limekubali kumpokea bure. Wiki nzima nilikuwa nimeshaondoka naye kichwani: baridi, nyasi, wenzake. Mama watoto hata alishaanza kuulizia lori. Dokta akaniuliza maswali matatu tu. Kutoka hapa hadi kule ni saa ngapi? Zaidi ya kumi, na farasi kwenye lori hasimami hivi hivi, anajishikiza kwa miguu kila breki na kila tuta, na sote tunaijua Barabara ya Chalinze hadi Segera. Ardhi ya kule ikoje kiangazi? Ngumu, ina mawe. Na kwenye kundi la farasi vijana, mzee anayechechemea anafika wa ngapi kwenye hori? Nikafunga mjadala. Ningekuwa namsafirisha ili mimi nisiwepo, basi.

Ikabaki njia ya mwisho, nayo tumeiongea mchana kweupe, tumekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho. Dokta ameeleza: usingizi kwanza, kisha sindano ya pili, dakika chache. Tatizo ni baada ya hapo. Dawa hiyo inabaki mwilini. Mbwa akila, au kunguru, na kunguru wa Dar mnawajua, naye anakwenda. Lazima azikwe, na azikwe chini sana, mbali na kisima. Kisima cha mzee jirani maji yake yako mita nne tu chini wakati wa kiangazi. Masika ikishika, shimo kubwa kwenye mchanga huu linajaa maji na kuta zinaporomoka kabla hujamaliza kuchimba, na kijiko chenyewe, ile mashine ya kuchimbia, hakifiki kwa tope.

Kwa hiyo nikasema labda tuchimbe sasa hivi, liwepo.

Mama watoto alinikata jicho. "Kuchimba kaburi la aliye hai? Baba watoto, huo ni uchuro." Mzee naye, ambaye nilidhani ataniunga mkono kwa sababu ya kisima chake, akasema yeye ana miaka 71 na asingependa jirani awe mtu wa kuchimba mapema.

Tumekubaliana hivi: pembe ya juu ya kiwanja, kule kwenye mwinuko, ibaki wazi, nisipande kitu. Mwenye kijiko anayejenga barabara ya ndani ameonyeshwa njia, na nimemwekea kifusi penye bonde. Akiitwa, atakuja.

Machi, wiki ya kwanza

Miezi sita imetimia. Kalenda: Novemba O tisa, Februari O kumi na tisa. Ndoo ya Jumapili mchanga umepungua hadi ncha ya kijiko. Fundi wa kwato anasema visigino vinaanza kuinuka. Kwenye lami bado ni 3.

Uamuzi: anabaki. Hapandwi, hauzwi, hasafirishwi. Na mwisho wake tumeuandika sasa, tukiwa na akili timamu, tusije tukausogeza mbele kila siku kwa huruma ya uongo. Nimeandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa banda: nyayo tupu usiku tatu mfululizo, au gramu 2 kwa siku na bado anarusha kichwa akitembea tu kwenye mchanga, au tumbo kama lile la Januari kurudia. Lolote kati ya hayo, dokta anapigiwa siku hiyo hiyo. Mama watoto akaongeza la kwake, kwamba gharama ya mwezi isiguse ada. Haki yake.

Kijana wa banda alikuwa anatusikiliza akichanja nyasi. Akaomba chaki. Nikampa, nikidhani anatania. Akasema: "Mzee, akiwa mpole kwa dawa, sawa. Akiwa mpole siku ambayo si ya dawa, hapo tuogope. Huyu hawezi kutuachia bure." Akaandika kwa mwandiko wake wa kuinama: *akiacha kuuma*.

Mtu wa sherehe amepiga simu tena. Msimu wa harusi. Nimemwambia farasi yupo, ila amestaafu. Akacheka, akidhani napandisha bei.

Machi, wiki ya nne

Masika imeingia usiku wa jana, radi na kila kitu. Paa limevuja upande wa hori. Sikulala, nilikuwa nahesabu ni siku ya dawa au si ya dawa. Si ya dawa.

Alfajiri mchanga wa banda ulikuwa umelowa nusu, na kwenye nusu kavu kulikuwa na shimo la ubavu, kubwa, na mikwaruzo ya kuinuka. O.

Kijana alikuja nyumbani saa moja, shati limechanika begani, meno ya mbele yameandikwa kwenye ngozi. Alikuwa anacheka. Nimempa dawa ya kupaka na shati langu la zamani.